Altrasaundi ya nguruwe jike: kuna kijana anapita na mashine Masasi mpaka Ndanda, wenye uzoefu njooni

BintiChikundi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, wafugaji wa kusini na kwingineko. Nafuga nguruwe huku Chikundi, Masasi, majike tisa na dume mmoja. Kuna kijana anapita mabandani kuanzia Ndanda mpaka huku kwetu, ana mashine ya altrasaundi, kama ile wanayopimiwa wajawazito, anamuwekea nguruwe ubavuni anakwambia ana mimba au hana, na anadai anaona mpaka kizazi kama kina ugonjwa. Anatoza kwa kichwa. Jirani yangu kapimiwa kafurahi, mwingine wa bondeni kapimiwa akaambiwa jike tupu akaliuza buchani, kupasua wakakuta vitoto. Hapo ndo nikaingia mashaka.

Kwangu wananisumbua watatu. Mmoja kapandishwa mwezi na kitu umepita, hajarudi kwenye joto (hamu ya kupandwa) ila tumbo nalo silioni. Wa pili karudi mara mbili, na hii ya mwisho katoa uchafu mweupe mzito. Wa tatu ni mtamba, jike ambaye hajazaa bado, wenzie wa tumbo moja wameshazaa, yeye hata joto sijawahi kuliona.

Sasa nauliza, hii kitu inafanya kazi kweli au tunaliwa hela? Na hao watatu inaweza kunisaidia nini? Karibuni, matusi hapana.


KitimotoMikindani

Niko hapa na ndimu na pilipili nasubiri majibu. Dada hiyo mashine haiwezi kunionyesha jike lina mafuta kiasi gani kabla sijanunua? Maana nimechoka kuuziwa mafuta matupu.


MzeeWaMkunya

Binti yangu pokea salamu kutoka Newala. Mimi nguruwe nimeanza kufuga nyie wengi hamjazaliwa, na mashine yangu ni dume. Ukishapandisha unaandika tarehe, ikifika siku ya 18 mpaka ya 24 unampitisha dume mbele ya jike kila asubuhi na jioni, unamkandamiza jike mgongoni. Akisimama tuli na masikio kayasimamisha huyo hana kitu, pandisha tena. Akimkimbia dume ana mimba, subiri miezi mitatu wiki tatu na siku tatu. Hela ya kijana kanunulie mashudu.


Nguruwe_Nachi

Mzee wangu shikamoo. Unachosema ni kweli na hata mwenye mashine asiache kupitisha dume. Ila ngoja nimjibu dada maana mimi hiyo mashine ninayo huku Nachingwea, tumechanga watu wanne tukaagiza, naitumia muda sasa.

Inafanya kazi, tena vizuri. Ila inategemea siku uliyopima na nani kashika. Kichwa cha mashine, yaani kile kinachobandikwa mwilini, tunachotumia ni kile cha mviringo cha tumboni, megahezi 3.5 mpaka 5, hicho hicho aina ya wanawake. Jike asimame mwenyewe, usimlaze wala usimfunge kamba puani, mpe chakula kwenye kihori ale wewe fanya yako. Upande wa kulia ndo naupenda. Unaweka kichwa mbele ya paja, pale ngozi ilipo laini haina manyoya mengi, juu kidogo ya mstari wa chuchu, unaelekeza juu na kwa ndani, na mimba ikiwa changa unageuzia kidogo nyuma kwenye nyonga maana mfuko wa uzazi bado haujashuka mbele. Jeli weka ya kutosha, ikikuishia mafuta ya kula yanafanya kazi, kinachotakiwa hewa isikae kati ya kichwa na ngozi. Na tope ufute kwanza, nguruwe akiwa na tope utaona giza tu halafu useme mashine mbovu.

Afu usibandike ukaondoa hapo hapo. Chezesha kichwa taratibu kama unapepea, nyuma mbele. Mimba ya siku 25 hadi 30 unaona vishimo vyeusi vingivingi vya ajabu ajabu, vingine virefu vingine vya pembe, kama madimbwi ya mvua kwenye barabara ya Nangurukuru enzi zile haina lami. Hivyo ni vifuko vya maji ya uzazi. Kwenye picha maji ni meusi, nyama ni kijivu, mfupa ni mweupe. Ukizoea huchukui hata dakika moja kwa jike.

Kinachoponza wengi ni KIBOFU. Kibofu nacho kimejaa maji kwaiyo nacho ni cheusi, mtu anaona weusi anashangilia "mimba hiyo". Tofauti yake kibofu ni kimoja, kikubwa, kingo zake laini, na kiko nyuma karibu na nyonga. Dawa yake rahisi, asubuhi ukiwaamsha waache wasimame kwanza, nguruwe akiamka lazima akojoe, baada ya hapo ndo upime.


KitimotoMikindani

Mafuta je


Nguruwe_Nachi

Hahaha we jamaa. Mafuta inapima kweli! Unaweka kichwa mgongoni usawa wa ubavu wa mwisho, kama sentimita 6 na nusu kutoka katikati ya uti wa mgongo, unasoma unene wa mafuta kwa milimita. Wenye mashamba makubwa wanapima hivyo kujua jike kakonda au kanenepa kabla hajaenda kuzaa. Kwaiyo njoo Nachi nikupimie, ila ukishapima ununue.


DaktariMifugo_Kusini

Naomba niingie hapa maana kuna jambo mzee wetu wa Mkunya kalisema nusu, kwa heshima zote mzee.

Jike akirudi kwenye joto siku ya 21 ni kweli hana mimba. Lakini asiporudi haina maana ana mimba. Hapo ndipo altrasaundi inapopata kazi yake. Kuna majike hawarudi na tumboni hamna kitu, na sababu ziko kadhaa. Kuna aliyeshika mimba ikafa baadaye. Kuna mwenye uvimbe wa maji kwenye kokwa za mayai. Kuna aliyepanda joto wewe hukumuona, likapita. Na kuna hii ambayo huku kwetu naiona sana, MAHINDI YENYE UKUNGU. Ukungu wa mahindi, ule wa rangi ya waridi hasa, unatengeneza sumu inaitwa zearalenoni, na hiyo sumu mwilini inajifanya ni homoni ya kike. Jike anavimba uke kama yuko kwenye joto wakati hayupo, vitoto vya kike vinavimba uke vikiwa vidogo kabisa, na jike mkubwa mwili wake unadanganyika kwamba umebeba mimba, anakaa miezi miwili au zaidi kimya, dume hamtaki, wewe unahesabu siku za kuzaa na ndani ni patupu. Dume wa mzee hapo atakwambia ana mimba. Mashine itakwambia hana.

Mleta uzi yule wa kwanza wako aliyekaa mwezi na kitu, mpime. Na uangalie pumba unazolisha zimetoka kwenye mahindi ya namna gani.

Sasa kuhusu yule jirani wa bondeni. Sikuwepo ila swali la kwanza la kuuliza ni alipimwa siku ya ngapi. Kabla ya siku ya 21 vile vifuko bado vidogo sana, ukimuambia mtu jike tupu siku ya 18 unacheza kamari. Mimi naamini jibu kuanzia siku ya 24, na la raha ni siku ya 28. Upande mwingine nako kuna mtego. Mimba ikishakuwa kubwa, miezi miwili na nusu kwenda mbele, vitoto vimejaza nafasi na maji yanaonekana machache, mtu aliyezoea kutafuta madimbwi meusi hayaoni anasema tupu. Pale unatakiwa utafute mifupa, mbavu zinaonekana vistari vyeupe vimepangana na kivuli nyuma yake, na ukituliza mkono unaona moyo unadunda. Kwaiyo mtu asiyeuliza tarehe ya kupandisha kabla hajawasha mashine, huyo mkimbieni.

Kuna pia zile mashine za bei rahisi zisizo na picha, zinalia tu mlio au kuwasha taa. Zile zinatafuta maji tumboni basi, zinasaidia kati ya siku ya 30 na ya 75 hivi, na kibofu kikijaa zinalia vilevile. Kama kijana wenu ana hiyo isiyo na picha, habari ya kuona ugonjwa wa kizazi ni uongo.


DadaWaMtama

Samahani dokta, inahesabu vitoto? Na jinsia? Mume wangu anataka kujua wangapi ili aanze kutafuta wateja 😂


DaktariMifugo_Kusini

Hapana dada. Mfuko wa uzazi wa nguruwe una pembe mbili ndefu sana, kila moja inapita mita, zimejikunja tumboni kama utumbo. Unachokiona kwenye kioo ni kipande. Ukihesabu saba leo, ukisogeza mkono utahesabu wale wale tena. Jinsia ndo kabisa. Mwambie shemeji asubiri wazaliwe.


Kijana_wa_Ruangwa

Wazo langu wakuu msinitukane. Dada yangu ni nesi, zahanati yao ina mashine nzuri tu jumapili haina kazi. Kama kichwa ni kile kile si naweza kuazima?


Nguruwe_Nachi

Bro usithubutu. Kwanza ni mali ya umma dada yako atafukuzwa kazi. Pili huku kwetu majirani zetu wengi ni waislamu, mama wa watu aende kliniki asikie kile kichwa jana kilikuwa kwenye nguruwe, unafikiri itaishia wapi? Hata asiyekuwa muislamu hatopenda. Mashine ya zahanati iacheni zahanati. Siku hizi kuna vichwa visivyo na waya unaunganisha na simu yako, changeni kama tulivyochanga sisi.


DaktariMifugo_Kusini

Naunga mkono. Na usafi pia, kuna magonjwa ya nguruwe yanaingia kwa binadamu, leptospira na brusela mojawapo.


MchungajiNyangao

Nimesoma uzi wote kimya ila kuna kitu hamjakigusa kinanitisha kuliko kibofu. Huyo kijana anaingia banda la Ndanda asubuhi, mchana Chikundi, jioni labda Lukuledi, na viatu vile vile na kichwa kile kile. HOMA YA NGURUWE je?

Sisi tuliofagiliwa banda zima tunajua. Haina tiba, chanjo ya kwenda kununua dukani hapa kwetu hamna, na virusi vyake vinakaa kwenye damu, kinyesi, nyama, tope la viatu. Binadamu haumwi ila ndiye mbebaji mkuu. Huyo mtu na wanunuzi wa buchani wanaopita kuchungulia majike ni wale wale. Na huku kusini maporini kuna ngiri na kupe wake juu, tusijiongezee.


Nguruwe_Nachi

Hoja nzito baba. Mimi masharti yangu haya, na mwenye banda akikataa siingii. Buti ni za mwenye banda, anakuwa nazo hapo hapo mlangoni, mimi naingia peku mpaka kwenye buti zake. Koti pia lake, hata kama ni shati kuukuu. Kichwa cha mashine nakivalisha glovu ndefu, ndani ya glovu naweka jeli na nje jeli, nikitoka glovu inachomwa pale pale. Usikichovye kwenye jiki kile kichwa, mpira wake unaharibika na hela yake unaijua. Waya na mashine vinafutwa. Na buti hata ukiwa na dawa kali kiasi gani, sugua mavi kwanza kwa maji na sabuni, dawa ikikuta mavi haifanyi kitu. Zaidi ya hapo siendi banda la pili siku moja. Banda likiwa na nguruwe hata mmoja anayeumwa au aliyekufa ghafla, sikanyagi, napiga simu kwa afisa mifugo.


BintiChikundi (mleta uzi)

Asanteni sana nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Huyo kijana kwa jirani aliingia na kandambili zake jamani, na kweli hakuuliza tarehe.

Mashine yake ina picha, nimeiona. Nitampigia nimpe masharti. Ila dokta hujanijibu kuhusu mtamba wangu asiyepanda joto, itaonekana tatizo lake?


DaktariMifugo_Kusini

Dada huyo ni habari nyingine na hapa watu wengi wanadanganywa.

Kwa kupima ubavuni huwezi kuona kokwa za mayai vizuri kwa uhakika. Kokwa ni ndogo na zimejificha. Kuziona sawasawa inatakiwa kichwa kingine, cha mstari, megahezi 5 mpaka 7.5, kinaingizwa kwa njia ya haja kubwa kikiwa kwenye mpini mgumu. Kwa jike mkubwa aliyezaa zaidi ya mara moja mtu mwenye mafunzo anafanya, kwa mtamba mdogo nafasi ni finyu na ukilazimisha unamchana. Kwaiyo kijana wa kupita asikuguse huyo mtamba huko nyuma, nakusihi.

Ila nikueleze zinavyosomeka maana ndo utamu wa hii kazi. Kwenye kokwa kuna vifuko vya mayai, vyeusi vya mviringo. Jike asiye na mzunguko kabisa ana vidogo vidogo tu, milimita 2 mpaka 4, na hana kitu kingine. Anayekaribia kuachia mayai anavyo vya milimita 7 hadi 8. Aliyekwisha kuachia ana vinundu vya kijivu vilivyobaki pale yai lilipotoka. Vikiwepo vifuko vikubwa, sentimita 2 na zaidi, vinakaa tu havipasuki, huo ni uvimbe wa maji, na kwa nguruwe matibabu yake hayana matumaini sana, wengi tunashauri auzwe.

Sasa fikiri. Mtamba unayesema hajawahi kupanda joto, ukikuta vile vinundu vya kijivu, maana yake ameshapanda joto na mayai kaachia, ni wewe hujamuona. Tatizo liko kwa anayeangalia. Ukikuta vifuko vidogo peke yake ndo kweli bado mwili haujaanza, hapo unaangalia umri, lishe na dume. Majibu mawili tofauti kabisa na mwenye banda kwa nje anaona kitu kile kile.

Kwa wako, kabla ya mashine yoyote, nijibu. Ana miezi mingapi, na anamuona dume kila siku?


BintiChikundi (mleta uzi)

Ana miezi tisa hivi. Dume yuko banda la mwisho kule, yeye yuko huku mbele na wadogo. Hawaonani.


MzeeWaMkunya

Hapo sasa! Mwari umemfungia unyagoni halafu unauliza kwanini haposwi 😂 Mpeleke kwa dume mwanangu, apate harufu, wagusane pua kwa pua kwenye uzio, asubuhi na jioni. Mimi simtaki dokta hapo.


DaktariMifugo_Kusini

Mzee hapa umenifunga goli na mimi natia sahihi. Miezi mitano na nusu hadi saba wengi wanaanza, na dume mzima mwenye harufu kali anaharakisha. Usiweke dume mtoto. Mpe wiki tatu nne, mzunguko mmoja kamili, akikataa tuzungumze. Na mtu asikuuzie sindano ya kuleta joto kabla hujafanya hilo.


MzeeWaMkunya

Nimekuelewa dokta, na ile ya mahindi ya ukungu nakiri nimewahi kuwa na jike alinikalia miezi mitano nikidhani mimba. Ila niulize la hela, maana mwisho wa yote sisi ni wakulima. Mtu wa majike wawili nayeye amlipe kijana?


Nguruwe_Nachi

Tupige hesabu mzee. Jike asiye na kitoto anakula tuseme kilo 2 na nusu kwa siku. Ukijua siku ya 28 kwamba ni tupu, unachukua hatua. Ukisubiri mpaka siku ya 114 ndo ugundue hazai, hapo katikati ni siku 86, kilo 215 za chakula kazila bure. Zidisha na bei ya pumba na mashudu kipindi hiki kabla ya mavuno uone kama hela ya kijana inafika hata robo. Na hapo sijahesabu vitoto ambavyo angekuwa anakaribia kuzaa. Wa majike wawili wajiunge na wenzie kijiji kizima, kila banda lipangiwe siku yake, ila zingatia alichosema mchungaji, buti kila banda na zake.


BintiChikundi (mleta uzi)

Wakuu mrejesho. Nilisubiri kidogo mpaka niliowapandisha karibuni wafike siku 28, nikanunua buti na glovu, kijana akaja. Mwanzo alinuna kuvua kandambili ila akaelewa, nikamsomesha na huu uzi kwenye simu akakaa anausoma wote, kasema habari ya kukojoza kwanza alikuwa haijui.

Matokeo. Wanne wana mimba wazi kabisa hata mimi niliona madimbwi. Mmoja alionekana kama kuna kishimo kimoja hivi, tumekubaliana arudie baada ya siku kumi. Yule wa mwezi na kitu ni TUPU. Tulimpima pande zote mbili, kakojoa, tukarudia, hamna. Nikaenda kukagua stoo, mahindi niliyosaga pumba mwezi ule yalinyeshewa mvua ya februari, magunia ya chini yamegeuka rangi ya waridi kama ulivyosema dokta. Nilichoka.

Wa uchafu mweupe, kijana kaona maji ndani ya kizazi ila si meusi safi, ya kijivu yana chembechembe zinaelea, ukimtikisa jike zinazunguka. Nimeambatanisha picha.


DaktariMifugo_Kusini

Hongera kwa kufuata utaratibu, na huyo kijana akiendelea kusoma hivyo atafika mbali.

Picha nimeiona. Niulize kwanza, alipimwa siku gani? Maana jike akiwa kwenye joto kizazi kinavimba na maji kidogo yanakuwepo, na siku moja mbili baada ya kupandwa mbegu zinakuwa bado zipo, hapo usimhukumu.


BintiChikundi (mleta uzi)

Hapana dokta, joto lilipita wiki mbili na zaidi, na uchafu umerudi tena juzi, unanuka.


DaktariMifugo_Kusini

Basi hiyo ni usaha. Uchafu unaotoka wiki mbili hadi tatu baada ya kupandishwa, pamoja na maji ya chembechembe kwenye picha, kizazi kina maambukizi. Ni tofauti na ule ute mweupe wa siku chache baada ya kuzaa ambao jike anakula vizuri na hana homa, ule ni wa kawaida watu wasikimbilie sindano. Mara nyingi yanaanzia kwenye kuzalisha kwa mkono mchafu, au kupandishia sehemu yenye mavi. Mwite afisa mifugo wako amtibu, usimpandishe joto linalokuja, mruke. Akirudia tena baada ya hapo, muondoe bandani, ndiye atakayemchafua dume na dume awachafue wengine.

Huyo aliyedanganyika na ukungu, yale magunia yatoe kabisa, hata kuku usiwape. Wengi wakiachishwa hiyo sumu wanarudi kwenye mzunguko wenyewe, inachukua wiki kadhaa. Kuna sindano ya prostaglandini inaweza kuharakisha, ila naomba wote mnisikie. Ile sindano ikimpata jike mwenye mimba anaitoa. Ndo maana kupima kwanza kabla ya sindano si hiari. Na mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa, inapita mpaka kwenye ngozi. Hiyo ni kazi ya daktari, usinunue dukani ukajipigia.

Yule wa kishimo kimoja umefanya vyema kurudia. Na hata hao wanne, warudie kuwapima kwenye siku ya 40 na kidogo kama uwezo upo, mimba nyingine zinapotea katikati. Wakitoa mimba au wakizaa vitoto vilivyokauka vya saizi tofauti, vaa glovu, weka kwenye barafu, peleka maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, hapo Mtwara, msizitupe kwa mbwa.


Kijana_wa_Ruangwa

Dokta na mimi majike yangu matano kati ya sita yamerudi joto mwezi huu, nayo ni kizazi?


DaktariMifugo_Kusini

Watano kwa mpigo? Kwanza muangalie dume bro, majike achana nao. Alipata homa, au joto lile la januari alikuwa kwenye bati tupu? Dume akipigwa na joto kali mbegu zinaharibika na inachukua wiki tano mpaka sita kukaa sawa, wakati huo anapanda kama kawaida wewe unaona mzima. Mwekee makuti juu ya bati, maji ya kunywa muda wote, mmwagie maji mchana. Jaribu dume lingine kwa jike mmoja wawili uone.


KitimotoMikindani

Dada Chikundi huyo wa usaha kama unamuondoa naomba nipewe kipaumbele, naja na usafiri wangu.


BintiChikundi (mleta uzi)

Kaka yangu jana afisa mifugo kamchoma sindano ya kwanza, bado mbili.


DaktariMifugo_Kusini

Basi hachinjwi huyo. Angalia kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zile za kukaa muda mrefu mwilini nyingine zinafika wiki nne, na unaanza kuhesabu kutoka sindano ya mwisho. Muandikie tarehe bandani, na mnunuzi uwe umemwambia.


KitimotoMikindani

Wiki nne?? Haya. Yule tupu wa ukungu je, huyo hajachomwa kitu?


BintiChikundi (mleta uzi)

Huyo nampa nafasi arudi kwenye mzunguko, siuzi. Nenda Nachi ukapimiwe mafuta.